Mlango wa Mbatiany

Kuanzia Karatu hadi Loliondo hutakuta magofu ya kasri. Hata hivyo, ugomvi wa madaraka unaosimuliwa zaidi na Wamaasai ulianzia chumbani, mahali palepale palipowanyima usingizi wafalme wa Konstantinopoli.

Mbatiany alikuwa laiboni mkuu, yaani mganga na mtabiri wa Wamaasai, mzee mwenye chongo, aliyefariki karibu mwaka 1890. Katika simulizi aliyoichapisha Mwingereza A. C. Hollis mwaka 1905, mzee alimwambia mwanawe Sendeyo aje asubuhi akabidhiwe vifaa vya ulaiboni. Lenana, mwana mwingine, alikuwa amejificha penye ndama, akayasikia yote. Alfajiri akatangulia yeye. Mzee hakumtambua, akampa rungu la chuma, pembe ya dawa na baraka zote. Anayeijua nyumba ya Kimaasai hashangai: ndama wachanga hulala humohumo ndani, hatua chache kutoka kitandani.

Warumi wa Konstantinopoli wangecheka. Kwao mlango wa chumba cha mfalme ulikuwa na mwenyewe, na kwa kawaida alikuwa towashi. Hesabu yao ilikuwa ya kikatili lakini nyepesi: asiyezaa hana wa kumrithisha kiti, wala desturi haikumruhusu kukikalia. Kumbe aliyeshika mlango aliweza kuishika dola. Eutropius, towashi msimamizi wa chumba cha mfalme Arcadius, alipewa ukonsuli mwaka 399, na kabla mwaka haujaisha akaangushwa na kuuawa. Narses, towashi mwingine, alitoka chumbani kwa mfalme Justinian akaenda kuongoza majeshi Italia, akamshinda Totila, mfalme wa Wagothi, mwaka 552.

Mfalme Mikaeli wa Tatu ndiye aliyeipuuza hesabu hiyo. Kazi ya kulala karibu naye alimpa Basil, mwanamume asiyehasiwa, kisha akamfanya mfalme mwenza. Mwaka 867 Basil alimuua, akabaki na kiti.

Mbatiany hakuwa na bawabu, na sidhani angemtaka. Laiboni huendewa na kila mwenye shida. Akijifungia, uganga wake ni wa nani?

Sendeyo hakukubali. Aliondoka na wafuasi wake, wengi wao Waloitai, tawi la Wamaasai, akaingia eneo lililotawaliwa na Wajerumani, na vita vya ndugu vikaendelea hadi walipopatana mwaka 1902. Lenana alitambuliwa na Waingereza kuwa mkuu wa Wamaasai, akaweka alama yake kwenye mkataba wa 1904 uliowahamisha watu wake kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa. Waloitai wako Loliondo hadi leo, na ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka, Kenya.