Kisu cha Kuagiza kwa Fundi: Kagua Umaliziaji Kabla ya Kulipa Salio

Mlaji anayeagiza kisu kwa mhunzi kwa kawaida hutoa malipo ya awali kabla ya chuma kuingia motoni. Siku ya kukabidhiwa, macho yake huvutwa na mng'ao wa bapa na uzuri wa mpini. Hata hivyo, kudumu kwa kisu na usalama wa mtumiaji hutegemea mambo madogo ya umaliziaji ambayo ni rahisi kupitwa na jicho. Tunayaeleza hapa ili mlaji ayakague kabla ya kulipa salio.

Bapa na makali

Visu vingi vya mafundi wetu hufuliwa kutokana na springi kuukuu za magari. Chuma hicho hupashwa moto hadi kiwe chekundu, huzamishwa katika mafuta ili kiwe kigumu, kisha hupashwa tena kwa kiasi cha nyuzi joto 200 za sentigredi ili kisivunjike kwa urahisi. Kazi hiyo ya kutia matiko yaweza kuharibika mwishoni kabisa, bapa linaposagwa kwa mashine bila kupozwa kwa maji. Rangi ya buluu kwenye ukingo huonyesha kwamba joto lilikaribia nyuzi 300 na ugumu umepungua. Kisu cha namna hiyo hunoleka, lakini makali yake hayadumu. Kwa kuwa msasa huweza kuiondoa rangi hiyo, mlaji amwombe fundi akate kijiti kikavu mara kadhaa, kisha akate karatasi. Makali mazuri bado yatapita bila kuichana ovyo.

Mlaji aelekeze makali kwenye mwanga: mahali palipo butu hung'aa kama uzi mweupe. Aidha, atazame kwa jicho moja kuanzia mpini hadi kwenye ncha ili ajue kama bapa limenyooka. Pande zote mbili ziwe zimesagwa sawasawa, kwani kisu kilichosagwa zaidi upande mmoja huenda mshazari kinapokata. Mwisho wa makali, karibu na mpini, pawe na mkato mdogo. Pasipo mkato huo, kinoo hukwama na sehemu ya nyuma ya makali haifikiwi.

Shingo na mpini

Pale bapa linapopungua upana na kuingia ndani ya mpini, kona ya chuma inapaswa kuwa ya mviringo. Kona kali hukusanya nguvu yote ya mkono mahali pamoja, na hapo ndipo ufa huanzia. Kwa kuwa sehemu hiyo mara nyingi hufichwa na mpini, tunamshauri mlaji aombe kuiona, au kupigiwa picha, kabla mpini haujafungwa.

Baada ya mpini kufungwa, apitishe ukucha kwenye maungio yote. Ukucha usikwame kwenye ribiti wala kati ya mti na chuma. Mwanya mdogo hupitisha maji na damu ya nyama. Ndani yake chuma huota kutu na uchafu hauoshiki. Mti uwe mkavu, kwa sababu mti mbichi hunywea na kuacha ukingo wa chuma ukiukwaruza mkono. Mgongo wa kisu nao usuguliwe kingo zake, maana ndipo kidole hukaa.

Makubaliano na sheria

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo yake. Vilevile, mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa haina budi kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo stakabadhi ya malipo ya awali itaje kazi ya kisu, kwa kuwa kisu cha mboga huhitaji makali membamba na cha kukata mifupa huhitaji makali manene. Itaje pia urefu wa bapa, aina ya mti na siku ya kukabidhiwa. Lakini mnunuzi aliyekwisha kuikagua bidhaa huenda asisikilizwe kuhusu kasoro ambayo ukaguzi wake ulipasa kuifichua. Ukaguzi wa haraka haraka, basi, humgharimu mlaji mwenyewe.

Haki hiyo ina upande wa pili. Chuma kisichoshika kutu huhitaji kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, kiasi ambacho springi haina. Kisu cha springi kilichoachwa na maji usiku kucha kitaota kutu, na kosa hilo si la fundi. Kioshwe, kikaushwe mara moja na kupakwa mafuta kidogo ya kupikia kabla ya kuhifadhiwa.