Ushahidi: Daftari Lililoandikwa na Watu Wengi

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mmoja ana daftari na kalamu.

Neno letu la leo ni USHAHIDI. Mwalimu, liandike ubaoni: u-sha-hi-di. Neno hili mnalifahamu tangu zamani. Shahidi ni mtu aliyeona jambo kwa macho yake, na maneno yake ndiyo ushahidi. Lakini Ushahidi ni jina pia la programu ya kompyuta iliyotengenezwa na kikundi kidogo kwa ajili ya watu wa Kenya, nayo imetumika katika nchi nyingi. Leo tutaeleza jinsi ilivyoanza.

Tuanze na jambo la hapa kwetu. Tuseme watu wa Kijenge wamekubaliana kutengeneza mfereji wa maji ulioharibika. Huyu ataleta mawe, yule ataleta mchanga, wengine watachimba. Katibu anaandika katika daftari: nani, kazi gani, siku gani, imekwisha au bado. Daftari hilo likipotea, ugomvi unaanza. Tena, katibu akisafiri kwenda Moshi, na daftari limefungiwa sandukuni mwake, hakuna ajuaye kazi imefika wapi.

Programu ya intaneti ya kusimamia kazi ni daftari la namna hiyo, ila halikai sandukuni. Linakaa katika kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana. Kila aliyeruhusiwa hulifungua kwa simu yake au kompyuta yake, awe Kijenge, awe Tengeru, awe Dar es Salaam. Mmoja akiandika, wote wanaona.

Vyombo vya namna hii huzaliwa na haja. Mjini Chicago, Marekani, kampuni ndogo iitwayo 37signals ilianzishwa mwaka 1999. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wateja kurasa za intaneti. Kazi zilipoongezeka, ikawa shida kukumbuka nani ameagiza nini. Basi wakajitengenezea daftari lao la intaneti. Wateja walipoliona, nao wakalitaka. Mwaka 2004 kampuni ilianza kuliuza kwa jina la Basecamp, na baadaye kuuza programu ndiko kukawa kazi yake kubwa.

Haja ya Kenya ilikuwa ya uchungu zaidi. Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura. Tarehe 30 matokeo ya urais yakatangazwa, yakapingwa, na ghasia zikazuka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu wakaulizana: Barabara ipi ina usalama? Ni kweli nyumba zimechomwa kule, au ni uvumi? Na uvumi wakati ule ulikuwa hatari, kwa sababu mtu aliyeambiwa kwamba ndugu zake wameuawa aliweza kuchukua panga kabla ya kuuliza.

Mwanzoni mwa Januari 2008, mwanasheria Mkenya, Bibi Ory Okolloh, aliandika katika intaneti. Aliuliza kama kuna mafundi wa kompyuta wawezao kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich walishirikiana naye. Hawakukaa katika chumba kimoja. Bibi Okolloh alikuwa amerudi Afrika Kusini, na wenzake wengine walikuwa Marekani. Hata hivyo, kwa siku chache tu programu ilikuwa tayari. Wakaiita Ushahidi.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyofanya kazi. Mtu aliyeona jambo aliandika ujumbe mfupi kwa simu, au barua kwa intaneti, akaeleza ameona nini na wapi. Waendeshaji waliupokea. Walijaribu kuuhakikisha, wakiuliza mashirika yaliyokuwa karibu na mahali pale. Kisha jambo hilo likatiwa alama katika ramani. Kila mwenye intaneti aliweza kuiona.

Ramani haikuleta amani. Amani ilitafutwa na watu, mezani, Nairobi. Msuluhishi alikuwa Bwana Kofi Annan, na Rais wetu wa wakati ule, Bwana Jakaya Kikwete, alikwenda kusaidia. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Kazi ya ramani ilikuwa kutunza yaliyoonekana, yasisahauliwe wala yasikanushwe.

Baadaye wenye Ushahidi waliitoa programu yao bure, ili kila mtu aitumie na kuigeuza kwa haja yake. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Haiti. Watu walituma ujumbe kwa simu kuomba maji, dawa na msaada wa kufukua waliofunikwa na kifusi. Ujumbe mwingi ulikuwa kwa lugha ya Kikrioli. Wahaiti waliokaa nchi nyingine waliutafsiri, na wanafunzi wa chuo kikuu karibu na Boston wakautia katika ramani ya Ushahidi.

Ndugu wanafunzi, angalieni jambo hili. Kompyuta haikuona chochote Kenya wala Haiti. Walioona ni watu, na waliojua kuandika mistari miwili waliweza kutoa habari kwa dunia nzima. Kwa hiyo kuandika vizuri ni kazi kubwa. Linganisheni ujumbe huu miwili:

1. Daraja limevunjika! Watu wamekufa! Wapelekee wengine!
2. Leo Jumanne, saa 3 asubuhi, nimeona daraja la mtoni limevunjika upande mmoja. Magari hayapiti. Sikuona mtu aliyeumia.

Ujumbe wa kwanza unatia hofu tu. Wa pili unasema siku, saa, mahali, na jambo aliloliona mwandishi mwenyewe. Huo ndio ushahidi.

Maswali ya darasa

1. Programu ya intaneti ya kusimamia kazi inatofautianaje na daftari la katibu?
2. Kwa nini uvumi ulikuwa hatari Kenya mwaka 2008?
3. Waendeshaji wa Ushahidi walifanya nini kabla ya kutia alama katika ramani?

Kazi ya nyumbani: Andika mistari mitatu juu ya jambo moja uliloliona juma hili. Taja siku, saa na mahali. Usiandike uliyoyasikia kwa jirani. Kisha mpe mwenzako asome, akuulize maswali.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.