KAZI YA MWISHO YA MWANAFUNZI WA MUZIKI

Wako watu wanaodhani kwamba kijana anayesoma muziki katika chuo kikuu yumo katika mchezo tu. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Katika vyuo vingi mwanafunzi huyo, atakapo shahada ya daraja la juu, hutakiwa mwaka wa mwisho kuleta tasnifu: ama uchunguzi ulioandikwa, ama muziki alioutunga mwenyewe. Hiyo ni kazi hasa, nayo hudai jasho.

Na tuutazame mfano mmoja. Dmitri Shostakovich alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa St. Petersburg, nchini Urusi. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 13, aliingia chuo cha muziki cha mji huo. Mwaka 1922 baba yake alifariki, nyumba ikabaki bila tegemeo. Kijana mwenyewe akaugua kifua kikuu. Juu ya hayo ilimbidi atafute riziki, akaajiriwa kupiga piano katika majumba ya sinema. Maana siku zile filamu hazikuwa na sauti, na picha zilihitaji muziki wa kufuatana nazo. Nguvu ambazo angezitumia kutunga zikaliwa na kibarua.

Kazi aliyoileta ili ahitimu ilikuwa simfonia, yaani utungo mkubwa wa okestra nzima. Una sehemu nne, na kuupiga huchukua kiasi cha nusu saa. Kila chombo, tangu fidla mpaka tarumbeta na ngoma, kina njia yake. Mtungaji hana budi kuziandika njia zote, nota kwa nota, huku akizisikia pamoja kichwani mwake kabla mtu yeyote hajazipiga.

Mwaka 1925 simfonia ilimalizika, naye hajatimiza miaka 19. Tarehe 12 Mei, 1926, ilipigwa mjini humo, ambao wakati huo uliitwa Leningrad, chini ya uongozi wa Nikolai Malko. Wasikilizaji walishangilia hata sehemu ya pili ikarudiwa. Mwaka 1927 Bruno Walter aliiongoza Berlin, na mwaka 1928 Leopold Stokowski akaiongoza Philadelphia, Marekani. Hata leo ingali ikipigwa.

Basi, twajifunza nini? Kipaji alikuwa nacho, lakini kipaji peke yake hakijazi karatasi za nota. Wangapi walioacha kazi kama hiyo katikati kwa sababu ya njaa, hakuna awezaye kuwahesabu. Kwa hiyo twawaomba wazazi wasimwite mvivu kijana anayekesha juu ya utungo wake. Navyo vyuo yavipasa kumpa msaada wa fedha, piano ya kujaribia, na wapigaji wa kumsikilizisha alichoandika. Maana muziki usiopigwa ni mbegu iliyofungiwa ghalani. Mchumia juani hulia kivulini, lakini sharti kwanza apate shamba la kulima.