Mwenye shamba Kitengela ana nini hasa?

Ukitoka Kitengela kuelekea Isinya kwa barabara ya Namanga, utaona pahala maandishi ya rangi kwenye ukuta wa mawe: "Shamba hili haliuzwi." Mara nyingi ni onyo kwa wanunuzi wasije wakatapeliwa, au ndugu hawajaelewana. Lakini anayesema haliuzwi hajasema halilishwi, wala halipitwi.

Mwanafalsafa huanzia kwenye mianya kama hiyo. Wengi tunadhani kazi yake ni kueleza dhana zilivyo, basi. Wapo wanaodai zaidi: dhana ikitukosesha njia, ifanyiwe marekebisho. Mwanafalsafa Rudolf Carnap aliitetea kazi hiyo katika kitabu chake cha 1950. Kwasi Wiredu wa Ghana naye aliwahimiza Waafrika wazichuje dhana walizorithi kwa wakoloni kabla ya kuzifanya zao. Umiliki wa ardhi unahitaji mchujo huo, na Kajiado, kaunti iliko Kitengela, inaonyesha kwa nini.

Mwaka 1968 Kenya ilipitisha sheria iliyozaa ranchi za kikundi, yaani ardhi inayomilikiwa na wanachama kwa pamoja. Mwaka huohuo mwanabiolojia Mmarekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho ya wote hayana budi kuharibika, kwa kuwa kila mfugaji anaongeza mifugo faida ikiwa yake na hasara ikiwa ya wote. Hoja ilivuma mno, nayo ilikuwa na kasoro kubwa: ilichanganya ardhi isiyo na mwenyewe na ardhi yenye wenyewe wengi. Wamaasai hutenga olopololi, nyasi za ndama karibu na boma, na jirani hawezi kuingiza kundi lake humo apendavyo. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alizitenganisha dhana hizo mbili. Mwaka 1992 yeye na Edella Schlager waliufumua umiliki wenyewe wakapata haki tano: kuingia, kuvuna, kusimamia, kuwazuia wengine na kuuza.

Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, haki zote tano zilitolewa kwa pamoja, kila mwanachama na hati yake. Yaliyofuata tunayaona: seng'enge, kuta, ploti za futi hamsini kwa mia. Wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini uliachwa wazi, walikuta njia zimezibwa. Ng'ombe pia, kiangazi kilipokuja.

Mwaka 2000 ukaanza mpango wa kukodisha ardhi ili wanyama wapate kupita. Familia ililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, ili isizungushe ua, isilime wala isichimbe mawe. Malipo yalikuja kwa awamu tatu, yakilenga majira ya karo. Hati ilibaki kwa familia na mifugo iliendelea kulisha. Kilichokodishwa hasa ni haki ya kuwafungia wengine nje. Kwangu mimi hiyo ni falsafa iliyofanya kazi, ingawa fedha zilitegemea wafadhili na bei ya ploti iliupiku mpango huo kwa mbali.

Mwanafalsafa P. F. Strawson alimpinga Carnap akisema ukibadilisha dhana umelikwepa swali la awali. Mwenye shamba naye angesema: mkininyima ua, nimebaki na shamba gani? Swali la haki kabisa. Ila sheria ya Kenya imekwisha kuzipunguza haki zake: shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, madini yaliyo chini ni ya Serikali, na nyumbu anayekula nyasi zake si wake. Bado tunamwita mwenyewe. Kwa hiyo ubishi ni nani apunguziwe haki, na alipwe nini.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inazitaka ranchi za kikundi zijisajili upya. Swali linalozigawa familia ni tugawe au tusigawe. Afadhali yaulizwe kadhaa: boma liwe la nani? Malisho ya kiangazi je? Na njia ya kwenda majini? Nani aruhusiwe kuuza, na kwa nani?