Umenunua video ya kilimo: je, unaruhusiwa kuwanakilia wafanyakazi wako?

Leo tunaacha kidogo mbolea na dawa. Kuna swali naulizwa sana na vijana wa Bumbuli, Soni mpaka Mgwashi: "Afisa, tumenunua video ya mafunzo ya parachichi kwa hela yetu. Tukiinakili kwenye flashi tukawapa wafanyakazi wetu, kosa liko wapi? Si tumeshalipia?"

Jibu fupi: kama mwenye video hajakuruhusu, ni kosa. Kulipia video ni jambo moja, kuruhusiwa kuinakili ni jambo lingine.

Iweke hivi. Ukinunua ng'ombe wa maziwa, ndama atakayezaliwa ni wako. Video haiko hivyo. Diski au faili uliyonunua ni yako, lakini "ndama" wake, yaani nakala, bado ni mali ya aliyeitengeneza.

Sheria inasemaje

Huku Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218. Sheria hiyo inampa mtunzi haki ya kunakili kazi yake, kuisambaza, kuitafsiri na kuionyesha hadharani. Haki hizo zinaanza pale tu kazi inapotengenezwa, hata kama hajaisajili popote. Kwa hiyo usidanganyike na video isiyo na onyo lolote mwanzoni. Na usiseme "hii ni ya Wahindi" au "ni ya Wakenya". Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, na kazi za nchi wanachama zinalindwa hapa kama za kwetu.

Kuna nafasi moja ambayo wengi wanaichanganya. Sheria inaruhusu kunakili kwa matumizi yako binafsi tu. Umenunua video, umeitoa kwenye kompyuta ukaiweka kwenye simu yako uitazame ukiwa shambani: hayo ni matumizi binafsi. Ila ukiinakili ili vijana wako wa kufungasha wajifunze kupanga matunda vizuri upate bei nzuri Kariakoo, hiyo tayari ni kazi ya biashara. Haijalishi kama una wafanyakazi wawili au ishirini.

Tuangalie mifano

*Flashi tano kwa wafanyakazi watano.* Hizo ni nakala tano mpya. Unahitaji ruhusa.

*Kuirusha kwenye grupu la WhatsApp.* Hapa ndipo hatari ilipo kubwa. Grupu la watu mia mbili ni nakala mia mbili, na kila mmoja ana grupu lake lingine. Ikishatoka huwezi kuirudisha.

*Kuionyesha kwa projekta kwenye mkutano wa kikundi.* Hujanakili, sawa, lakini kuonyesha hadharani nako ni haki ya mwenye kazi. Sheria inaangalia kama watazamaji ni watu wa nje ya familia na marafiki wake wa karibu. Kikundi cha wakulima kimeshavuka hapo. Omba ruhusa.

*Kuweka sauti ya Kisambaa juu yake.* Nia ni nzuri, maana wazee wetu wengi wanaelewa zaidi kwa Kisambaa. Lakini kutafsiri nako kunahitaji kibali.

*Kozi ya mtandaoni, nywila moja watu kumi.* Soma masharti uliyokubali siku ya kujiunga. Mara nyingi akaunti ni ya mtu mmoja.

Wengine wananiambia, "Lakini ni kwa ajili ya mafunzo." Sheria inaruhusu kutumia kazi ya mtu kama kielelezo katika kufundisha, kwa kiasi kinachohitajika na kwa kutaja chanzo. Kipande kifupi ndani ya somo lako ni kielelezo. Kugawa video nzima si kielelezo.

Kitu ambacho hakizuiwi

Hakimiliki inalinda video yenyewe, hailindi maarifa yaliyomo. Ukishajifunza kubebesha parachichi, kupanga nafasi za mashimo au kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko yetu, hakuna wa kukukataza kuwafundisha wenzako. Chukua mfanyakazi, nenda naye shambani, muonyeshe kwa mikono. Au chukua simu yako, rekodi video yako kwenye shamba lako, kwa maneno yako. Hiyo ni mali yako, na unaweza kuigawa kwa flashi mia.

Fanya hivi

1. Kabla hujalipa, muulize muuzaji: bei hii ni ya mtu mmoja au ya kikundi? Wengi watakupa bei ya kikundi ukiomba.

2. Kama umeshanunua, mwandikie. Ujumbe mfupi unatosha: "Nimenunua video yako ya parachichi. Naomba ruhusa ya kuweka nakala tano kwa wafanyakazi wangu, kwa mafunzo ya shambani tu. Gharama yake ni kiasi gani?" Jibu lake litunze pamoja na risiti. Ruhusa ya mdomo ni ngumu kuithibitisha.

3. Tumia video za bure. Access Agriculture wana video za wakulima kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na unaweza kuzipakua. Soma masharti yao: bure haimaanishi unaweza kuziuza. Kwa video za YouTube, tuma kiungo badala ya faili. Najua bando ni ghali, lakini kiungo hakizalishi nakala.

Kwa nini nalikazania hili

Mwenye haki anaweza kukudai fidia mahakamani, na anayekiuka kwa ajili ya biashara anaweza kukutana na faini au kifungo. Lakini kwangu hiyo si sababu kubwa.

Sababu kubwa ni kwamba anayetengeneza video nzuri ya kilimo kwa Kiswahili mara nyingi ni kijana kama wewe. Amelipa mpiga picha, amelipa nauli, amepoteza msimu akirekodi. Nakala moja ikizunguka kata nzima bure, ile ya pili ya magonjwa ya karoti haitatengenezwa, na utakayeikosa ni wewe.

Na baadhi yenu mmeshaanza kurekodi. Haki hiyo hiyo inawalinda nyinyi. Andika jina lako na mwaka kwenye video, tunza faili za mwanzo, na ukitaka ushahidi wa ziada isajili kazi yako Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA.

Mwenye swali aulize hapo chini, au anikute ofisini kabla hajaagiza flashi. Wiki ijayo tunarudi kwenye viazi.