Msimu wa kutazama popo, na mahali pa kusimama

(Muziki wa utambulisho. Unashuka.)

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Kamembe anayewatembeza wageni kwenye Ziwa Kivu. Anauliza ni miezi gani mizuri ya kuwaonyesha watu popo. Nimefurahi kulipata, maana kwa kawaida mnatuuliza namna ya kuwafukuza tu.

Jibu fupi ni kiangazi. Hapa Rusizi tuna Impeshyi, kuanzia Juni hadi Agosti, na Urugaryi, ule ukavu mfupi wa kati ya Desemba na Februari. Jioni za miezi hiyo anga huwa safi. Ukikaa tayari saa kumi na mbili jioni, jua linapozama, utawaona wakitoka kundi baada ya kundi, na kabla ya giza kuingia kabisa wengi watakuwa wameshakwenda. Wakati wa Itumba, Machi hadi Mei, mvua kubwa ikinyesha jioni popo huchelewa kutoka, nawe utakuwa umelowa bure.

Kijana wetu bila shaka anakifahamu kisiwa cha Napoleon, upande wa Karongi, ambako popo wakubwa wala matunda hulala wakining'inia mitini mchana kutwa. Hao huonekana hata bila kusubiri jioni.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu jibu hilo lina nusu ya pili, na ndiyo iliyonifanya nilitengee kipindi kizima.

Nchini Uganda, katika msitu wa Maramagambo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna pango liitwalo Python. Humo wanaishi maelfu kwa maelfu ya popo wa aina moja wala matunda ambao, tofauti na wale wa mitini, hupenda mapango na mashimo ya machimbo. Aina hiyo ndiyo inayobeba virusi vya Marburg bila yenyewe kuugua. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka kadhaa wakakuta jambo la ajabu. Majike huzaa kwa misimu miwili katika mwaka. Watoto wakifikisha miezi sita hivi, wanaambukizwa kwa wingi, na virusi pangoni vinapanda. Vinapanda lini? Kati ya katikati ya Juni na katikati ya Septemba, kisha tena kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Machi. Walipoangalia watu waliowahi kupata Marburg kutoka mapangoni na machimboni, zaidi ya asilimia 80 waliangukia miezi hiyohiyo.

Linganisha na kalenda yetu. Ni Impeshyi na Urugaryi, karibu sawasawa. Miezi inayompendeza mtazamaji ndiyo miezi ya hatari kwa anayeingia pangoni.

Mtalii mmoja kutoka Marekani aliingia pango la Python Desemba 2007, akaugua Januari, akapona. Mwingine kutoka Uholanzi aliingia Juni 2008. Mwezi uliofuata alifariki. Baadaye lilijengwa jukwaa la kutazamia mbali na mdomo wa pango.

Sisi wenyewe hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Marburg ilitangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024. Watu 66 waliugua, wengi wao wahudumu wa afya, na 15 walifariki, kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 20 Desemba. Uchunguzi uliurudisha mwanzo wake kwenye pango la machimbo lenye popo.

Kwa hiyo, kijana wetu, wapeleke wageni wako, lakini simameni nje. Ukiwa kwenye boti karibu na Napoleon unaona vizuri kuliko aliye chini ya mti, na mkojo haukudondokei. Msiwapigie makofi wala kuwarushia mawe ili waruke. Usiingie pangoni hata kama mgeni anaongeza fedha. Na tunda lililotafunwa usiku, liwe embe au pera, usilimenye upande mzuri ukala. Litupe, kisha unawe mikono kwa sabuni. Popo aliyekufa au aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu, na watoto wakatazwe kumchezea.

Najua kuna atakayesema: basi tuwaue wote. Lilijaribiwa. Katika machimbo ya Kitaka, Uganda, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007, na baadaye popo wa mle wakaangamizwa. Wengine wakahamia. Walipopimwa mwaka 2012, kiwango cha maambukizi kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha mwanzo, na mwaka huohuo ugonjwa ukarudi Uganda. Zaidi ya hapo, popo wengi hawana habari na Marburg. Wanakula wadudu na kusambaza mbegu za miti. Hapa kwetu, katika msitu wa Nyungwe, kuna popo mdogo mwenye pua iliyokunjamana ambaye hakuwa ameonekana tangu 1981, hadi watafiti walipomnasa tena mwaka 2019. Hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani.

Ukiniuliza mimi msimu ninaoupenda, si Impeshyi. Ni mvua za kwanza za Umuhindo, Septemba au Oktoba, siku kumbikumbi wanapotoka ardhini na kuzunguka taa za barabarani. Popo wadogo huja kuwawinda, wakikata kona ghafla juu ya vichwa vyetu. Huhitaji boti wala kiongozi, unakaa mlangoni kwako na kikombe cha chai.

Na kama uliingia pangoni au machimboni, kisha ndani ya siku 21 ukapata homa kali, kichwa kinauma sana, misuli inauma, unatapika au kuharisha, usingoje kesho wala usiende kwa jamaa. Piga 114, ni bure, na waambie wazi kwamba ulikuwa walipo popo.

(Muziki unapanda.)