Kivuko Kikiharibika, Ripoti kwa Msimamizi wa Wadi

Kwa wakazi wengi wa Kibera na Kawangware, kivuko cha miguu ndicho njia ya kwenda shuleni, kazini na hospitalini. Mvua kubwa, kama ile ya Aprili 2024, huvimbisha mito na kulegeza nguzo.

Chini ya Katiba ya 2010, barabara za kaunti na mitaro ya maji ya mvua ni jukumu la serikali ya kaunti. Mkazi akiona ubao uliooza au nguzo iliyoinama, aripoti kwa msimamizi wa wadi, akitaja kijiji na alama iliyo karibu. Asipopata jibu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa haki ya kuwasilisha ombi rasmi, nayo kaunti inapaswa kulijibu bila kuchelewa.

Mto ukifurika, usivuke.